Msamaha wa Mungu Una Milango Mingapi? Makalasinga na Wakatoliki wa Kampala

Katika mji wa Kampala, ambamo karibu kila dini ina kilima chake, si ajabu mtoto wa Kikatoliki kuketi dawati moja na mtoto wa Kikalasinga aliyefunga nywele zake kwa kitambaa kichwani. Watoto hao huazimana kalamu na kugawana chapati. Lakini huja siku ambapo mmoja wao, akiisha kutoka katika somo la dini, humwendea mama yake jikoni na kumwuliza: "Mama, rafiki yangu huyu ataingia mbinguni?" Aghalabu mama hujibu upesi upesi ili mboga zisiungue. Swali lenyewe, hata hivyo, si la kitoto. Limewashughulisha maaskofu na wanazuoni kwa karne nyingi, na hapo hapo Kampala watu wamekwisha kumwaga damu kwa sababu ya maswali ya namna hiyo.

Ni vyema basi kutazama jinsi dini ya Kalasinga inavyoyaelekea mambo matatu ambayo Kanisa Katoliki huyashika kwa nguvu: uongozi wa Baba Mtakatifu, madai kwamba wokovu una njia moja, na msamaha wa Mungu kwa mkosefu. Atakayeyafahamu hayo atakuwa na jambo la kumjibu mtoto wake, na pengine atamfahamu jirani yake kuliko jana.

KILIMA KWA KILA DINI

Mgeni akisimama mahali pa juu mjini Kampala huonyeshwa Rubaga, makao ya Wakatoliki, ambako kanisa kuu lilitabarukiwa mwaka 1925. Ng'ambo yake huiona Namirembe ya Waanglikana. Kampala ya Kale ina msikiti mkubwa wa taifa, na Kikaaya ina hekalu la Wabahai. Mpangilio huo hupendeza machoni, lakini asili yake ni ya majonzi.

Waislamu walifika Buganda kabla ya Wakristo. Wamisionari wa Kianglikana waliwasili mwaka 1877, na mwaka 1879 wakafika Mapadre Weupe, wakitanguliwa na Padre Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera. Katika miaka ya 1870 vijana wa Kiislamu waliuawa kwa amri ya Kabaka Mutesa wa Kwanza. Kisha, kati ya mwaka 1885 na 1887, Kabaka Mwanga aliwaua Wakristo, wengi wao wakichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni, 1886. Mashahidi wanaokumbukwa ni Wakatoliki 22 na Waanglikana 23.

Mtu angedhani kwamba damu iliyomwagika pamoja ingewaunganisha waliobaki. Haikuwa hivyo. Tangu mwaka 1888 Buganda iligawanyika katika vikundi vya dini vilivyoshindania kiti cha Kabaka na vyeo vya nchi. Tarehe 24 Januari, 1892, Waganda wa Kikatoliki na Waganda wa Kiprotestanti walipigana Mengo, naye Kapteni Lugard wa Uingereza akawasaidia Waprotestanti kwa bunduki za Maxim. Pande zote mbili zilikuwa zikisali ile ile sala ya Baba Yetu. Ugomvi huo ulikuwa wa utawala pia, wala haukuwa wa mafundisho matupu. Lakini ulionyesha jinsi neno "sisi tu ndio wenye kweli" linavyogeuka silaha likiingia mikononi mwa watafuta vyeo.

WENYE JINA LA SIMBA

Makalasinga hawakushiriki ugomvi ule kati ya Rubaga na Namirembe. Wengi wao waliingia Afrika Mashariki wakati wa ujenzi wa Reli ya Uganda, iliyotoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kwa kazi hiyo, na watu 2,500 hivi kati yao walifariki. Miongoni mwa Makalasinga waliobaki, na wale waliowafuata baadaye, walikuwamo maseremala, wahunzi, waashi na mafundi wa mitambo. Reli yenyewe iliingia Kampala mwaka 1931.

Jina "Kalasinga", ambalo Waswahili waliwapa, linafungamana na neno Singh, maana yake simba. Ni jina la wanaume wa dini hiyo. Wanawake huitwa Kaur. Mwanzilishi wa dini ni Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469 katika nchi ya Punjab, ambayo leo imegawanywa kati ya India na Pakistan, na kufariki mwaka 1539. Walimfuata Maguru tisa. Wa kumi, Guru Gobind Singh, ndiye aliyeanzisha mwaka 1699 udugu uitwao Khalsa, ambao wanachama wake huacha nywele bila kukata, hufunga kilemba na kuvaa bangili ya chuma mkononi.

Dini hiyo hufundisha Mungu mmoja asiye na umbo, asiyezaliwa wala kufa. Hukataa ubaguzi wa matabaka. Humtaka mwumini afanye kazi halali, amkumbuke Mungu na kugawana na wengine anachokipata. Ndiyo maana kila gurdwara, yaani nyumba yao ya ibada, ina jiko la pamoja liitwalo langar, ambalo humlisha kila aingiaye bila kumwuliza dini wala kabila wala kumdai senti. Madereva wa njia ya Mombasa hadi Nairobi wanaijua gurdwara ya Makindu kwa sababu hiyo hiyo.

PAPA NA KITABU

Kwa Mkatoliki, Papa ni mwandamizi wa Mtume Petro, mchungaji wa Kanisa lote duniani. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulitangaza mwaka 1870 kwamba Papa hakosei anapotoa kwa mamlaka yake yote fundisho la imani au la maadili liwapasalo Wakristo wote. Fundisho hilo mara nyingi hueleweka vibaya. Halisemi kwamba Papa hana dhambi. Papa naye hupiga magoti mbele ya padre na kuungama kama mkulima wa Masaka aungamavyo.

Kwa Kalasinga mambo ni mengine. Kabla ya kufariki mwaka 1708, Guru Gobind Singh hakumteua mtu wa kumrithi. Alikitangaza Kitabu kitakatifu, Guru Granth Sahib, kuwa Guru wa milele. Tangu hapo hakuna binadamu awezaye kukaa katika kiti hicho. Gurdwara ina msomaji wa Kitabu, aitwaye granthi, lakini huyo si padre. Hakupakwa mafuta wala hana uwezo ambao mwumini mwingine hana. Mwanamume au mwanamke yeyote wa dini hiyo anayeweza kukisoma Kitabu anaruhusiwa kuongoza ibada. Kule Amritsar kuna kiti cha mamlaka kiitwacho Akal Takht, kilichoanzishwa mwaka 1606, na kiongozi wake hutoa maagizo kwa jamii nzima ya Makalasinga. Hata hivyo, kazi yake ni kulinda nidhamu ya jamii, si kufungua wala kufunga mbingu.

Kutokana na hayo, Kalasinga akimtazama Papa huona jambo la kuheshimu na jambo la kuuliza. La kuheshimu ni utumishi. Miongoni mwa majina ya Papa limo "Mtumishi wa watumishi wa Mungu", na kwa Kalasinga utumishi ndio kipimo cha dini. Anayefagia gurdwara na kupanga viatu vya waliokuja kusali hahesabiwi kuwa mdogo. La kuuliza ni hili: ikiwa Mungu yumo moyoni mwa kila kiumbe, kwa nini mtu mmoja ashike funguo kwa niaba ya wote? Mkatoliki hujibu kwamba funguo si mali ya Papa. Ni amana aliyokabidhiwa Petro na Kristo mwenyewe, ili kundi lisitawanyike. Jibu hilo halimfanyi Kalasinga kuwa Mkatoliki, lakini humwonyesha kwamba jirani yake hamwabudu binadamu.

Kampala imewaona mapapa watatu. Paulo wa Sita alifika tarehe 31 Julai, 1969, akiwa Papa wa kwanza katika nyakati hizi kuikanyaga Afrika. Ndiye aliyewatangaza Wakatoliki wale 22 kuwa watakatifu mwaka 1964, na katika ziara yake alikwenda pia mahali pa mashahidi wa Kianglikana huko Namugongo. Miaka 77 baada ya vita vya Mengo, kitendo hicho hakikuwa kidogo. Yohane Paulo wa Pili alifika Februari 1993, naye Fransisko alifika Novemba 2015.

JE, NJIA NI MOJA?

Katika karne ya tatu Askofu Sipriani wa Karthago alifundisha kwamba nje ya Kanisa hakuna wokovu. Alikuwa akiwaonya Wakristo waliokuwa wakijitenga, lakini baada ya muda mrefu neno hilo lilichukuliwa kuwa hukumu juu ya kila asiyebatizwa. Katekisimu nyingi za zamani zililikariri hivyo, na wazee wengi wa Uganda walilipokea hivyo.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilieleza upya jambo hilo. Mwaka 1964 ulifundisha kwamba watu wasiomjua Kristo pasipo kosa lao, wakimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kuifuata sauti ya dhamiri, waweza kuupata wokovu. Tarehe 28 Oktoba, 1965, ulitoa tamko juu ya dini nyingine, ukisema kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu ndani yake. Tamko hilo liliwataja kwa majina Wahindu, Wabuddha, Waislamu na Wayahudi. Makalasinga hawakutajwa. Siku hizi, hata hivyo, ofisi ya Vatikano inayoshughulikia mazungumzo na dini nyingine hutuma salamu kwa Makalasinga katika sikukuu ya kuzaliwa Guru Nanak.

Njia hiyo haikwenda moja kwa moja. Mwaka 2000 Vatikano ilitoa hati iliyosisitiza kwamba Kristo ndiye Mwokozi pekee, na kwamba dini nyingine hazipaswi kuhesabiwa kuwa njia zinazolingana na Kanisa. Kisha, Septemba 2024, Papa Fransisko aliwaambia vijana wa Singapore kwamba dini ni kama lugha mbalimbali za kumfikia Mungu, naye akawataja Makalasinga kwa jina pamoja na Waislamu, Wahindu na Wakristo. Baadhi ya Wakatoliki walifurahi. Baadhi walimkosoa wakisema amelegeza mafundisho. Fransisko alifariki tarehe 21 Aprili, 2025, na tarehe 8 Mei mwaka huo huo akachaguliwa Leo wa Kumi na Nne. Mjadala huo haukuzikwa pamoja na Fransisko.

Dini ya Kalasinga huuona vipi mjadala huo? Jibu limo ndani ya Kitabu chao. Kilipokusanywa na Guru Arjan mwaka 1604, hakikuwekwa maneno ya Maguru peke yao. Ziliingizwa pia tenzi za Sheikh Farid, aliyekuwa Mwislamu, za Kabir, aliyekuwa mfumaji wa nguo, na za Ravidas, aliyetoka katika tabaka la watengeneza viatu waliodharauliwa. Kwa hiyo Kalasinga anapokiinamia Kitabu, huyainamia pia maneno ya watu wasiokuwa wa dini yake. Hekalu lao kuu la Amritsar lina milango minne, ishara kwamba watu wa pande zote wanakaribishwa.

Zaidi ya hayo kuna kifo cha Guru wa tisa, Tegh Bahadur. Aliuawa mjini Delhi mwaka 1675 kwa amri ya mfalme Aurangzeb. Mapokeo yao yanasimulia kwamba alikuwa amesimama kuwatetea Wahindu wa Kashmir waliokuwa wakilazimishwa kuiacha dini yao. Yeye mwenyewe hakuwa akiifuata dini ile. Alikufa ili wengine waachiwe dhamiri zao. Kipunjabi humwita mtu kama huyo *shahid*, neno lile lile la asili ya Kiarabu tulitumialo Waswahili kwa mashahidi wa Namugongo.

Lakini haifai kusema, kama wengine wasemavyo kwa haraka, kwamba kwa Makalasinga dini zote ni sawa tu. Kanuni zao za mwenendo, zilizoidhinishwa mwaka 1945, zinaeleza kwamba Kalasinga ni yule amwaminiye Mungu mmoja, Maguru kumi, Kitabu na ubatizo wao uitwao amrit, na asiyekuwa mfuasi wa dini nyingine. Hapo pana mpaka ulio wazi. Tofauti ni kwamba mpaka huo huonyesha nani ni mwanachama wa jamii. Hauonyeshi nani ataokolewa. Mungu, wanasema, hakujifunga ndani ya mpaka wa jamii yoyote.

DHAMBI, TOBA NA BAKSHISHI

Mkatoliki aliyetenda dhambi kubwa huenda kuungama kwa padre. Hutakiwa ajute, aseme dhambi zake, akusudie kuacha na kutimiza malipizi. Padre hutamka maneno ya maondoleo, lakini anayesamehe ni Mungu. Sakramenti hiyo ina faida ambayo hata asiyekuwa Mkatoliki huweza kuiona: mtu hawezi kujidanganya kirahisi akilazimika kulitaja kosa lake kwa kinywa mbele ya mwingine.

Kalasinga hana sakramenti ya namna hiyo. Kwake, mzizi wa dhambi ni umimi, ile hali ya mtu kujiona kuwa yeye ndiye kitovu cha ulimwengu. Umimi huzaa maadui watano: ashiki, ghadhabu, choyo, kung'ang'ania mambo ya dunia, na kiburi. Matendo ya mtu huleta mavuno yake, na mafundisho yao husema roho hupita katika maisha mengi. Msomaji atauliza: ikiwa kila mtu huvuna alichopanda, msamaha una nafasi gani?

Jibu lao ni kwamba juhudi ya binadamu peke yake haimfikishi. Neema ya Mungu, jicho lake la huruma, ndiyo inayovunja mnyororo. Kipunjabi kina kitenzi cha kusamehe ambacho ni ndugu wa neno letu "bakshishi", kwa kuwa yote mawili yametoka katika Kiajemi. Bakshishi si mshahara. Mshahara hudaiwa, bakshishi hutolewa kwa hiari ya mtoaji. Ndivyo Kalasinga auonavyo msamaha wa Mungu, na hapo husimama karibu sana na Mkatoliki, ambaye naye hufundishwa kwamba neema haiwezi kununuliwa.

Kisa kinachopendwa na Makalasinga juu ya jambo hili ni cha watu arobaini. Guru Gobind Singh alipozingirwa na majeshi katika ngome ya Anandpur, njaa ikawa kali. Wafuasi arobaini waliandika barua ya kumkana kuwa Guru wao, wakaenda zao. Walipofika makwao wanawake waliwakejeli, na mwanamke mmoja, Mai Bhago, akawaongoza kurudi vitani. Mwaka 1705 walipigana mahali paitwapo Khidrana, wakauawa. Guru alipofika alimkuta Mahan Singh akiwa katika pumzi za mwisho. Alipoulizwa anataka nini, Mahan Singh aliomba barua ile ichanwe. Guru akaichana. Tangu siku hiyo wanaitwa Arobaini Waliokombolewa, na mji wa mahali pale ukaitwa Muktsar kwa kumbukumbu yao.

Mkatoliki akikisikia kisa hicho hukumbuka Mwana Mpotevu wa Injili ya Luka. Katika visa vyote viwili aliyekosa alirudi kwa miguu yake mwenyewe. Tena katika vyote viwili mwenye kusamehe hakudai riba. Hata katika adhabu kuna mfanano. Mwanachama wa Khalsa aliyevunja kiapo husimama mbele ya wenzake, akakiri, naye hupewa malipizi kama vile kuosha vyombo vya langar, kufuta viatu vya waumini au kuongeza sala. Asiyekubali kuosha sahani za wengine, wanasema, umimi wake haujavunjika.

MTIHANI WA MWAKA 1972

Mafundisho hupimwa siku ya dhiki. Tarehe 4 Agosti, 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, nao wakapewa siku 90. Makalasinga walifungasha pamoja na Wahindu, Waismailia na Wagoa, ambao wengi wao ni Wakatoliki. Nyumba, karakana na maduka viliachwa, vikagawiwa watu wengine. Zaidi ya watu 27,000 walipokewa Uingereza. Wengine walikwenda Kanada, India na kwingineko.

Haikuchukua muda watu wengi wa Uganda wakatambua kwamba mkono uliowafukuza majirani zao ungewageukia wao. Septemba ya mwaka huo huo Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, Mkatoliki, alitekwa akiwa mahakamani na kuuawa. Januari 1973 aliuawa Padre Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Kikatoliki la Munno. Februari 1977 aliuawa Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kianglikana.

Baada ya utawala huo kuanguka mwaka 1979, swali la msamaha lilikuja likiwa na hati za nyumba mkononi. Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu wenye mali kudai warudishiwe, na katika miaka ya 1990, chini ya serikali ya Rais Museveni, wengi walirudishiwa. Baadhi ya Makalasinga walirejea Kampala, wakafungua tena karakana na gurdwara. Wengine hawakurudi, wala hakuna mwenye haki ya kuwalaumu.

Hapa dini zote mbili hukubaliana. Kanisa Katoliki hufundisha kwamba mwizi aliyeungama hana budi kurudisha alichoiba awezapo. Kujuta bila kurudisha ni toba pungufu. Kalasinga naye husema Guru aliichana barua baada ya wale arobaini kurudi, si kabla. Msamaha haufuti wajibu wa kutengeneza kilichovunjwa. Viongozi wa dini wenyewe hawakuachwa nje ya sheria hiyo: tarehe 12 Machi, 2000, Papa Yohane Paulo wa Pili aliomba hadharani msamaha wa Mungu kwa makosa ya wana wa Kanisa katika historia, yakiwamo makosa dhidi ya tamaduni na dini za wengine. Jambo hilo lilimwongezea heshima Papa machoni pa watu wengi wasiokuwa Wakatoliki. Na Fransisko alipoondoka Kampala tarehe 29 Novemba, 2015, alikwenda moja kwa moja Bangui, mji uliokuwa katika vita baina ya Wakristo na Waislamu, akafungua huko Mlango Mtakatifu wa mwaka wa Huruma kabla ya kuufungua ule wa Roma.

MAMBO YA NYUMBANI

Yako mambo machache ambayo familia jirani hazina budi kuyajua ili zisiumizane pasipo sababu.

La kwanza ni chakula kitakatifu. Mkatoliki aingiapo gurdwara hupewa haluwa ya unga, sukari na samli kama apewavyo kila mtu, kisha hukaribishwa langar. Kalasinga aendapo kwenye Misa ya mazishi ya jirani huona wenzake wakipanga foleni kupokea Ekaristi, naye huambiwa hiyo si yake. Wengine hurudi nyumbani wakiwa na uchungu, wakidhani wamedharauliwa. Lakini haifai kulinganisha Ekaristi na langar. Kinacholingana na langar ni ule ugali, matoke na maharagwe yapakuliwayo baada ya Misa, ambayo hakuna anyimwaye. Ekaristi inafanana zaidi na amrit ya Makalasinga, ambayo nayo hapewi mgeni, ila yule aliyekubali kiapo chote.

La pili ni adabu ya ugeni. Aingiaye gurdwara huvua viatu, hufunika kichwa, huketi sakafuni, na haji na tumbaku wala pombe. Huchukua chakula kiasi cha kumaliza, kwa maana kukitupa ni aibu. Kalasinga aingiapo kanisani havui kilemba. Kwake kilemba ni sehemu ya ibada, na mlinzi wa mlangoni asimwamuru kukivua.

La tatu, na ndilo zito, ni ndoa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 hailiruhusu Kanisa kuifungisha ndoa ya Mkatoliki na asiyebatizwa bila ruhusa maalumu, na Mkatoliki huahidi kufanya awezalo watoto wabatizwe. Kanuni za Makalasinga nazo zinasema ndoa mbele ya Kitabu ni ya Makalasinga wawili. Vijana wanaopendana wayajue hayo mapema, kabla ya wazee kukutana na mahari kutajwa. Ni afadhali machozi ya siku moja sasa kuliko ugomvi juu ya kila mtoto azaliwaye.

Na yule mtoto wa jikoni ajibiwe nini? Mama Mkatoliki anaweza kumwambia kweli bila kuificha imani yake: kwamba Kanisa linamwamini Kristo kuwa Mwokozi wa wote, na kwamba Kanisa hilo hilo limefundisha tangu mwaka 1964 kwamba Mungu hamtupi amtafutaye kwa moyo safi. Mama wa Kikalasinga naye anaweza kumwambia wake kwamba rafiki yake humwita Mungu kwa jina jingine, na kwamba Kitabu chao kina maneno ya watu wengi waliomwita kwa majina mengine. Wala wote wawili wasiwaambie watoto kwamba tofauti hazipo. Zipo, na watoto watazikuta.

Hukumu ya nani ataingia mbinguni haikukabidhiwa kwa mama, wala kwa mwalimu wa dini, wala kwa mtoto. Walichokabidhiwa ni kidogo na kiko karibu: kumsamehe jirani, kumrudishia kilicho chake, na kumpakulia chakula anapobisha hodi.